Majina ya Uzuri Kwenye Njia ya Misafara



Mwezi huu naomba tuweke kando kidogo habari za uji wa lishe na ratiba ya chanjo, tuzungumze juu ya neno moja tu. Neno lenyewe ni uzuri. Usicheke, mama mwenzangu. Neno hili twalitumia kutwa nzima bila kujisikia: mtoto mzuri, kitenge kizuri, mboga nzuri, mkwe mzuri. Na kila linapotoka kinywani mwetu, mara nyingi pembeni yupo mtu mdogo anayesikiliza na kuweka akiba moyoni. Kwa sababu hiyo nimeona linafaa kuchunguzwa, kama tunavyochunguza maji kabla ya kumpa mtoto.

Aliyenitia hamu hii ni daktari mmoja niliyefanya naye kazi zamani. Yeye alisomea Urusi, enzi zile vijana wetu wengi walipopelekwa huko, na wakati wa chai alipenda kutufundisha maneno. Alitueleza kwamba Warusi huita uzuri krasota, na kitu chekundu hukiita krasny. Maneno hayo mawili ni watoto wa mama mmoja. Zamani krasny ilikuwa na maana ya kitu kizuri, ndipo baadaye ikaangukia rangi nyekundu na kubaki hapo. Ule uwanja mkuu wa Moscow uitwao Uwanja Mwekundu, wengi wetu tulidhani umepewa jina na Wakomunisti. La hasha. Jina hilo ni la karne ya 17, na maana yake ya kwanza ni uwanja mzuri. Hata ile pembe ya nyumba ambamo Wakristo wa Kiorthodoksi huweka picha takatifu huitwa krasny ugol, pembe nzuri, ingawa huenda pasiwe na kitu chekundu hata kimoja. Wacheki nao husema krása, Waukraine krasa, Wabulgaria krasota kama Warusi.

Wapoland nao wana neno uroda kwa uzuri wa sura na umbo la mtu. Shina lake ni kuzaliwa, kwa maana ya uzuri aliokuja nao mtu duniani. Lakini Warusi, kwa shina hilohilo, wana neno urod, na hilo ni tusi. Ni mtu mwenye kilema au sura ya kutisha! Ndugu wa ukoo mmoja wa lugha walipokea neno moja la uzazi. Mmoja akaliona uzuri, mwingine akaliona balaa. Hebu fikiri mama wa Kipoland akimsifu binti wa jirani yake Mrusi. (Wapoland si wageni kabisa hapa kwetu. Tangu mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, walihifadhiwa Tengeru karibu na Arusha, na makaburi yao yapo pale mpaka leo.)

Basi nikajiuliza, na sisi je? Uzuri wetu tunauitaje, na majina hayo yanatuambia nini?

Sisi wa Tabora hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu, kwa sababu njia ya maneno inapita mlangoni kwetu. Ni ile njia kuu ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo ikapanda hadi Ujiji, zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu. Babu zetu Wanyamwezi waliijua kuliko mtu yeyote. Walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na mizigo ya nguo na shanga, na wake zao wengi walikuwa nao safarini na vyungu vichwani, ingawa vitabu huwataja kwa nadra. Tufuate njia hiyo, ila badala ya kuhesabu vituo tuhesabu majina ya uzuri.

Ukiondoka pwani unaingia kwa Wazaramo na Wakwere, halafu unasogea kwa Waluguru. Neno unalokutana nalo huko ni kunoga. Kitu kinachonoga ni chema, kinapendeza, ni kitamu. Neno hilo limeshaingia katika Kiswahili chetu: mchuzi umenoga, harusi imenoga, na siku hizi mwanamke akivaa vizuri utasikia amenoga. Nalipenda neno hili kwa sababu lina harufu ya jikoni. Linamsifu mtu kama linavyosifu chakula kilichokolea chumvi, kwamba kila kitu kimekaa kwa kipimo chake.

Ukipanda nyanda kavu za Ugogo, ambako misafara ililipa kodi ya kupita na kununua maji, neno ni swanu. Jambo jema ni swanu na kitu kizuri ni swanu.

Halafu unafika kwetu Unyamwezi. Hapa, pamoja na ndugu zetu Wasukuma, tunalo neno soga. Binti mzuri ni nsoga. Na tunalo jingine, wiza, ambalo ni wema na ubora wa kitu. Bibi yangu alitumia soga kwa watu, kwa habari, na kwa mvua iliyonyesha kwa wakati wake. Kwake yeye mtu hawezi kuwa nsoga halafu akamnyima mgeni maji. Angesema umekosea kutumia neno.

Ukiendelea magharibi kufuata njia ya Ujiji unaingia kwa Waha, na lugha yao inashikana mkono na Kirundi. Hapa tusimame kidogo, maana ndipo utamu ulipo. Sisi wa mkoa wa Tabora tunakisikia Kirundi bila kusafiri, kwani makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya waliokimbia mauaji ya Burundi, na wengi wao na watoto wao walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania mwaka 2014. Mwulize mama wa Ulyankulu, uzuri mnauitaje? Atakuambia ubwiza. Mtu mzuri ni mwiza. Wema anaotendewa mtu ni ineza. Na kufanya jambo vizuri ni neza. Umeona? Shina ni moja tu, -iza, ndilo hilohilo lililo ndani ya wiza yetu. Mrundi akisema mwanamke ni mwiza, wewe msikilizaji ndiwe utakayetazama na kujua kama anasifiwa uso au anasifiwa moyo, maana neno halitenganishi.

Tazama pia mwanzo wa maneno haya. Kirundi kina ubwiza, Kihaya kina oburungi, Kiganda obulungi, na Kiswahili kina uzuri. Hiyo obu-, ubu- na u- ni kiambishi kimoja, ila sisi watu wa Kiswahili tumekula sauti ya b njiani. Ndicho kinachotupa utu, ubaya na utoto pia. Ukivuka Ziwa Tanganyika na kuingia Kongo Mashariki, Kiswahili kilichopelekwa na misafara hiyohiyo kinakupokea na neno muzuri. Wao hulitumia kwa upana kuliko sisi. Habari ni muzuri, afya ni muzuri, mtu ni muzuri. Pembeni yake kuna kitoko ya Kilingala, lakini hilo limekuja kwa njia nyingine, kwa mto na kwa muziki.

Kwa hiyo katika njia yote hii, makabila mengi na lugha nyingi, jambo moja linarudi. Neno la kupendeza macho na neno la kuwa mwema ni neno moja, au ni jirani wa ukuta mmoja. Wala si sisi tu. Hasani, jina tunalowapa watoto kutoka Kiarabu, shina lake hubeba wema na uzuri pamoja. Katika Kiebrania cha Agano la Kale, Rebeka anaposifiwa sura yake, neno lililotumika ni lilelile la wema linalotajwa Mungu anapoitazama kazi yake katika sura ya kwanza ya Mwanzo; kwa tafsiri ya neno kwa neno, alikuwa mwema wa kutazamwa. Waliotutafsiria Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 walilazimika kuchagua, kwa sababu Kiswahili kina maneno mawili, -ema na -zuri. Kwenye uumbaji wakachagua -ema.

Na sisi wenyewe tumegawanya kazi za maneno hayo mawili kwa werevu mkubwa. Methali inasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyingine inasema kizuri hakikosi ila. Badilisha maneno hayo uone kama methali itasimama! Chema kinajitosheleza, kizuri kina kasoro mahali fulani. Tena tunao uzuri wa mkakasi, kile kijaluba kinachong'aa nje, ndani kipande cha mti. Nadhani wahenga wa pwani, waliokaa mahali ambapo kila kitu kilipangwa dukani na kutiwa bei, walipata sababu ya kuutilia uzuri shaka kuliko watu wa bara.

Kutoka Kiarabu tumepokea pia sura, yaani umbo na taswira, na haiba, ambayo asili yake ni heshima inayomfanya mtu anyamaze mbele yako. Urembo ni wetu, unatokana na kuremba, kutia nakshi. Urembo huvaliwa asubuhi na kuvuliwa jioni. Mimi sina ugomvi nao hata kidogo. Hata wauguzi tunasuka nywele.

Lakini njia hii haikupitisha maneno peke yake. Ilipitisha pia bei ya uzuri, na hapo ndipo habari inapokuwa nzito.

Mwingereza Richard Burton na mwenzake Speke walifika Kazeh, hapa hapa Tabora, mwezi Novemba 1857, baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Burton hakuwa mtu wa kutupenda sana, ukisoma maandishi yake utakasirika mara kwa mara, lakini aliandika orodha ndefu ya bidhaa, na katika orodha hiyo zimo shanga za aina nyingi na majina yake. Zilizopendwa kupita zote zilikuwa shanga nyekundu ziitwazo samisami. Wafanyabiashara walizipa majina mengine mawili ya utani. La kwanza ni kimaliza chakula, kwa kuwa mtu aliweza kutoa chakula chake ili azipate. La pili ni kivunja mji, kwa kuwa wanawake, walivyosema wao, wangejifilisi pamoja na waume zao kwa ajili yake. Bila shaka walioyatunga majina hayo ni wanaume. Ila ona ajabu yake: kule Urusi neno la uzuri liligeuka kuwa wekundu, na huku kwetu wekundu wa kioo kilichotengenezwa ng'ambo uligeuka kuwa uzuri wa kununuliwa kwa mtama na pembe za ndovu.

Na kulikuwa na biashara mbaya kuliko ya shanga. Katika njia hiyohiyo walipitishwa watu waliotekwa, na binti aliyeonekana mzuri bei yake ilipanda, kwa sababu alitafutwa awe suria. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini likajengwa mahali pale pale. Nilipofika pale na akina mama wenzangu wa kanisani, kila mmoja wetu alinyamaza. Mimi niliwaza juu ya mama fulani wa bara, ambaye hatutajua jina lake, aliyekuwa akimwita mwanawe nsoga au mwiza kwa furaha, asijue kwamba siku moja mtu mwingine atalisema neno kama hilo huku akimkagua meno.

Sasa turudi kliniki.

Kwa miaka mingi nimepokea watoto wodi ya wazazi, na nimesikia jambo likijirudia. Mtoto anazaliwa, bibi yake anafungua khanga, anatazama, anasema: "Jamani, mzuri, mweupe!" Maneno mawili, pumzi moja. Baada ya miezi mitatu mama huyohuyo analeta mtoto kupimwa uzito. Uzito ni mzuri, mtoto anacheka, macho maangavu. Mama ananiambia kwa sauti ya chini: "Sista, huyu alizaliwa mzuri kabisa. Sasa sijui amekuwaje." Mtoto hana ugonjwa wowote. Amepata tu rangi yake. Watoto wetu wengi huzaliwa na rangi iliyofifia kwa kuwa ngozi haijamaliza kutengeneza chembe zake za rangi, na kazi hiyo huendelea kwa wiki na miezi baada ya kuzaliwa. Ukitaka kujua mapema, tazama kingo za masikio na ngozi iliyo karibu na kucha. Nimewaonyesha akina mama wengi, wengine wakacheka, wengine wakanuna.

Naona hapa kinachotokea ni safari ya neno kama ile ya Warusi, ila imegeuzwa kichwa chini. Kwao neno la uzuri lilikuwa jina la rangi. Kwetu jina la rangi linataka kuwa neno la uzuri. Mwanamume akitafuta mchumba tunasikia anataka mweupe, na kila aliyepo anaelewa kwamba amesema mzuri. Hali ya kuwa Kiswahili chetu ni tajiri wa rangi za watu: kuna maji ya kunde, kuna mweusi tii, na yote yalikuwa majina ya sifa kabla hayajafanywa pole.

Neno likishahama, mwili unafuata. Msichana aliyesikia tangu utotoni kwamba dada yake mweupe ndiye mzuri, akipata mshahara wake wa kwanza anakwenda sokoni kutafuta mkorogo. Ndani ya vikopo hivyo mara nyingi mna hidrokwinoni, au zebaki, au dawa za steroidi kali zilizokusudiwa kutibu magonjwa ya ngozi kwa muda mfupi, chini ya usimamizi wa mganga. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi vyetu hapa nchini, lakini soko lina milango ya nyuma. Zebaki hupenya ngozi na kuumiza figo, na kwa mjamzito hupita hadi kwa mtoto tumboni. Hidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi ya kijivu mashavuni, magumu kuondoka, ndiyo yale aliyokuwa akiyakimbia. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya kitabu cha nyimbo. Mama wa namna hiyo akifanyiwa upasuaji wa kujifungua, kidonda hupona polepole na hatari ya kuoza ni kubwa zaidi. Nimewahi kushika mkono wa binti wa miaka ishirini na mbili wakati daktari anatafuta mahali pa kushona panapoweza kushika uzi. Alikuwa mzuri. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo kabla hajajichubua.

Anayetumia vitu hivi, kama ni steroidi alizozoea kwa muda mrefu, asiache ghafla peke yake kwa hofu baada ya kusoma hapa, maana ngozi huweza kuwaka na kuvimba. Aende hospitali, achukue na kikopo chake, wala asione haya. Na anayenyonyesha asimpakate mtoto kifuani penye dawa hizo.

Akina mama wa kikundi chetu tumejaribu jambo dogo. Tunapomsifu mtoto, tunataja kitu. Badala ya mzuri tupu tunasema: huyu ana macho ya kuuliza, huyu ana kicheko cha babu yake, huyu amempa mwenzake kipande cha muhogo, basi nsoga. Mwanzoni ilitushinda, ulimi ulirudi kwenye weupe wenyewe bila kutumwa. Bibi mmoja alituambia sisi vijana (ana miaka themanini, kwake mimi ni kijana) kwamba zamani hawakuhitaji kufanya mazoezi, neno lenyewe lilikuwa linafanya kazi hiyo. Sidhani kama zamani kulikuwa safi hivyo. Waliovunja miji kwa ajili ya samisami nao walikuwa wazee wetu.

Nimeanza kukusanya majina ya uzuri kwa lugha za nyumbani, na daftari langu bado lina nafasi. Muuguzi mwenzangu wa Kyela amenipa nunu ya Kinyakyusa, na rafiki kutoka Kenya amenipa uthaka wa Kikikuyu. Wachaga, Wapare, Wamakonde na Wakurya bado nawasubiri. Andika kupitia mhariri wa gazeti hili: neno lenu la mtu mzuri ni lipi, na je, linaweza kutumika kwa mtu mchoyo? Mwezi ujao tutarudi kwenye homa za watoto, kwa kuwa masika yanakaribia na vyandarua vingi nilivyoviona mtaani vina matundu.